Kisu Kisichotoboa Ngozi

Ngozi kumi na moja zilirudishwa kutoka kiwandani Jumanne asubuhi, na tisa kati yake zilikuwa zangu. Sikuhitaji kuambiwa. Kila mchunaji bandani kwetu hufunga uzi wa katani kwenye mguu wa nyuma wa ngozi aliyoichuna, na uzi wangu una mafundo mawili. Mnunuzi alikuwa amezungushia kila tundu duara la chaki nyekundu. Ukizitazama kwa mbali ungedhani zimepata tetekuwanga.

Tajiri, mwenye shamba la wanyama pori, alizitandaza kwenye saruji mbele ya banda, akatuita wote: sisi wachunaji sita, Bi Chumvi anayezitia ngozi chumvi, na msimamizi. Tajiri hapigi kelele. Akikasirika hushusha sauti mpaka unalazimika kumsogelea ili usikie unavyotukanwa. Alisema mzigo mwingine unaondoka Jumanne ijayo, na safari hii mnunuzi atakuja mwenyewe kuukagua palepale uani. Akikuta tena matundu kwenye ngozi za mafundo mawili, nifungashe virago.

Kisha akaniangalia kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniuma kuliko matusi. Akasema, "Mama, miaka ishirini na miwili ni mingi. Labda mkono umechoka."

Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yake na kalamu yake sikioni, anatikisa kichwa polepole kama mtu aliye msibani. Tunamwita Kalamu, kwa kuwa ile kalamu haitoki sikioni hata anapokula. Huyo Kalamu, nitaje tu mapema, alikuwa mume wangu.

Baba yangu alikuwa mchunaji wa shamba hilihili. Shule mimi niliiona kwa nje tu, nikipita na ndoo. Nilipofikisha miaka kumi na miwili nilikuwa najua mahali pa kuanzia kwa ngiri na mahali pa kuanzia kwa punda milia, na najua kwamba si mahali pamoja. Kalamu alikuja kuwa mlinzi wa geti. Tukaoana, na kwa kuwa alichoka kukaa kwenye jua kali akifungua na kufunga chuma, nikamwombea nafasi bandani na kumfundisha mimi mwenyewe. Mwaka wa kwanza alikuwa akikata ngozi kana kwamba anamenya ndizi. Nilivumilia. Mwaka wa nne alikuwa mchunaji wa kuridhisha, si zaidi.

Hapo tajiri akatafuta msimamizi. Kazi yenyewe ilikuwa kujaza fomu: mnyama gani, kibali namba ngapi, uzito kiasi gani. Mimi nikimnusa swala naweza kukuambia amepigwa risasi tangu saa ngapi, lakini namba ya kibali siwezi kuiandika. Kalamu aliweza. Wiki hiyohiyo akapachika kalamu sikioni, na baada ya miezi minane akahamia kwa karani wa mizani, yule wa ofisi ya mbele mwenye kucha ndefu. Aliniachia watoto watatu. Aliondoka na redio, godoro jipya na kisu cha baba yangu. Redio na godoro nilishasamehe. Kile kisu alikipeleka kwenye gurudumu la umeme la kunolea ili king'ae, kikaungua makali, na kikamvunjikia mkononi akiwa kwenye nyonga ya nyumbu. Vipande akavitupa. Hakuniambia, niliambiwa na Bi Chumvi.

Sasa turudi kwenye matundu.

Miezi miwili kabla ya siku ile Kalamu alimshawishi tajiri kwamba visu vya banda vimezeeka na vinatia aibu mbele ya wageni. Kweli vilikuwa vimezeeka. Vilikuwa vimenolewa miaka mingi mpaka vikawa vifupi na vyembamba, na kila kimoja kilikuwa kimemzoea mwenyewe. Akavikusanya kwenye debe, akavipeleka kwa wauza vyuma chakavu. Akaleta maboksi. Juu ya kila boksi palikuwa na picha ya mwanamume mwenye kofia kubwa amesimama juu ya jiwe, na ndani mlikuwa na kisu kinachong'aa hata ungeweza kujitazama meno.

Nilikitoa changu nikakigeuza mara mbili tu. Kirefu kama mkono wa mtoto. Ncha kama sindano, imechongwa kotekote. Mgongoni kina meno ya msumeno. Mpini wa plastiki nyeusi, laini, wenye umbo la kupendeza kwenye picha. Nilimwambia Kalamu kwamba hicho ni kisu cha kuchoma, si cha kuchunia. Ncha ile itatoboa ngozi kila mkono utakapogeuka ndani ya paja, yale meno ya mgongoni yatachana utando, na mpini ukishapata mafuta utateleza kama sabuni.

Akachukua boksi akanionyesha maandishi. "Mama watoto, soma hapa. Kisu cha mwindaji." Kisha akajifanya amekumbuka. "Aa, samahani. Nitakusomea mimi."

Wachunaji wenzangu waliangalia chini. Nilimwambia mwindaji kazi yake huishia mnyama anapoanguka, hapo ndipo yetu inapoanza. Akasema wivu wa nyumbani tusiulete kazini. Na mtu akishakuambia hivyo mbele ya watu, kila neno utakalosema baada ya hapo linakuwa la wivu, hata ukisema mvua inanyesha.

Kwa nini ngozi tisa kati ya kumi na moja ziwe zangu? Kwa sababu swala wote walikuwa wakija kwangu. Ngozi ya nyumbu ni nene, inasamehe makosa. Ya swala ni nyembamba kama shuka la hospitali. Anayepanga nani achune nini ni Kalamu. Alikuwa akinipa swala kwa kuwa, alivyosema, mimi ndiye mwepesi. Sifa hizo. Kisu kibaya tulipewa wote, ila mimi akanipa na mnyama mgumu zaidi, halafu akasimama nyuma ya tajiri akitikisa kichwa.

Siku ile uani nilisema jambo moja tu. Nilimwomba tajiri anikubalie nitumie kisu changu mwenyewe. Kalamu akaanza kueleza habari za utaratibu na vifaa vya aina moja. Tajiri akamkata kwa kiganja, akasema hata nikitumia kijiko ni sawa, mradi pasiwe na tundu. Tatizo ni kwamba kisu changu sikuwa nacho. Nilikuwa na wiki moja ya kukitafuta, kukiandaa na kuchuna nacho.

Jumatano nilipotoka kazini nikaenda mtaa wa maduka ya vifaa vya ujenzi, nikiwa bado nanuka mnyama. Duka la kwanza muuzaji alichukua kisu akakata karatasi hewani, shwaa, akanitazama kama mtu aliyefanya mazingaombwe. Nilimwambia karatasi haina utando wala mafuta. Akakata nyingine. Nikatoka.

Duka la pili lilikuwa la mzee mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba. Aliniuliza kama nataka cha vitunguu au cha mkate. Nikasema cha kuchunia swala. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba uchafu wa kioo ndio uliosema. Mwanamume mmoja aliyekuwa akipimiwa misumari akasema kwa sauti kwamba mume wa huyu mama lazima anawahi kurudi nyumbani. Watu wakacheka. Nilimwambia mume wangu aliwahi kweli, ila nyumba aliyowahi si yangu. Hapo wakacheka zaidi, na yule wa misumari akapungua.

Mwenye duka akaanza kunitolea visu. Nilivipanga kwenye meza ya kioo, na nilikataa kimoja baada ya kingine mpaka akaanza kuhema kwa pua. Cha kwanza kilikuwa na umbo zuri, lakini nilipokishika mpini na kukitikisa karibu na sikio kilichezacheza. Chuma kiliishia nusu ya mpini na kushikwa kwa pini moja. Ndani ya kifua cha pofu, yule swala mkubwa kuliko ng'ombe, hicho kingebaki humo. Cha pili nilikipinda kwa kidole gumba, kikapinda na kukaa hivyohivyo, kama mtu mwenye adabu. Chuma laini. Cha tatu nilikipitishia tupa niliyoiomba palepale, tupa ikateleza bila kuuma. Hicho ni kigumu mno. Kikipoteza makali utakinoa mpaka uote mvi, na kikigonga mfupa kitavunjika vipande. Cha nne kilikuwa na mgongo mnene kama shoka. Cha tano kilikuwa ndugu wa kile cha boksi, chenye meno na ncha.

Mwenye duka akauliza, "Kwani mama, wewe unataka kisu cha namna gani hasa?"

Nikamweleza, na nilimweleza kwa hasira, kwa kuwa miezi miwili hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nilitaka kifupi, kisichozidi urefu wa kutoka kwenye kifundo cha mkono wangu mpaka mwisho wa kidole kidogo. Tumbo lake liwe limevimba, maana kinachochuna ni tumbo, si ncha. Ncha iwe imeinuka kidogo, butu kama ukucha uliokatwa, ipite juu ya ngozi bila kuiuma. Chuma kipite ndani ya mpini mpaka mwisho. Mpini uwe wa mti, usiwe laini, unene wake ujaze kiganja hata ukiwa na damu. Na chuma kiwe kinakubali tupa, lakini kwa shingo upande.

Akasema kisu kama hicho hakipo. Wakati anasema hivyo alikuwa anakata kamba ya boksi la bawaba, na nikamwangalia mkononi. Alikuwa ameshika kisu cheusi cha bucha, cha zamani, chenye madoa ya kutu, tumbo limejaa, mpini wa mti umefungwa pini tatu za shaba.

Nikamwambia nataka hicho. Akasema hicho ni chake, hakiuzwi. Nikamwambia kisu anachokatia kamba kingeweza kufanya kazi ya maana zaidi. Akasema amekuwa nacho tangu afungue duka. Nikamwambia mimi nimekuwa na kazi yangu tangu kabla hajafungua duka, na naipoteza Jumanne. Tulibishana mpaka yule wa misumari akaweka mfuko wake chini asikilize vizuri. Machozi yalinikaribia, si ya huzuni, ni yale ya mtu aliyechoka kueleza. Dunia nzima ina visu, na kimoja kinachofaa kinakata kamba.

Mzee akaingia stoo. Nikasikia vitu vikianguka. Akarudi na kifurushi cha karatasi ya mafuta chenye vumbi la miaka. Ndani mlikuwa na ndugu wa kile chake, kama dazani moja hivi, vyeusi vyote. Alisema watu hawavitaki kwa sababu vinapata kutu. Siku hizi wote wanataka vinavyong'aa. Nikamwambia vinavyong'aa ndivyo vilivyonifikisha dukani kwake.

Nilivijaribu vyote. Nilivigonga kwa ukucha nikisikiliza, nikavichungulia mgongo kwa jicho moja, nikakataa vilivyopinda. Nikabaki na kimoja. Kilikuwa na kasoro mbili: kilikuwa kirefu, shubiri moja na zaidi, na ncha yake ilikuwa bado kali. Lakini kirefu kinaweza kukatwa. Kibovu hakiwi kizima. Mzee akakifunga kwenye gazeti, akaniambia kwa uchovu kwamba akipata wateja wengine wawili kama mimi atafunga duka auze soda.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini, nikaenda kwa fundi vyuma. Karakana yake ni ya mabati, na katikati pana gurudumu la umeme linalopiga kelele kama limekanyagwa. Nilikuwa nimechora kwa mkaa juu ya chuma umbo ninalotaka. Fundi akalitazama, akasema kazi ya kufumba na kufumbua, akawasha mashine. Nikamshika mkono. Nikamwambia bila maji hakigusi.

Alinieleza, kwa subira ya mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba kwa gurudumu hilo amekata reli za treni.

"Reli haimchuni swala," nikamwambia. "Leta ndoo."

Kinachoniudhi kwa mafundi wa magurudumu ni kwamba cheche zinawapa raha. Wanaona cheche wanadhani kazi inakwenda. Kumbe chuma kikishapata joto kwenye makali, kinageuka rangi: kwanza manjano kama majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu. Kikifika buluu kimekufa. Kitang'aa, kitakata nyanya siku moja, na kesho yake utakuwa unachuna kwa uma. Hivyo ndivyo kisu cha baba kilivyokwisha, na sikuwa tayari kuangalia maziko mengine.

Nilikaa kwenye kigoda kando yake na ndoo kati ya miguu. Kila akigusa gurudumu nahesabu mpaka tatu, nasema chovya. Anachovya. Anagusa tena, nasema chovya. Mara ya kumi hivi akasema hajawahi kuoa lakini sasa amejua ndoa ilivyo. Nikamwambia kama angekuwa mume wangu kisu kingekuwa kimeshaungua zamani. Alicheka, akasahau, akakaza mkono kidogo, na nikaona manjano yanaanza kwenye ncha. Nilikivuta nikakizamisha mwenyewe, maji yakalia. Kuanzia hapo nikamwambia azime mashine amalizie kwa tupa. Alinung'unika, akasema itachukua mchana kutwa. Ilichukua mchana kutwa. Wateja wake wawili waliondoka. Lakini alipomaliza alikishika, akakigeuzageuza, akakipitisha hewani kama anachuna kitu. Fundi akifanya hivyo ujue ameelewa.

Nyumbani nilikwangua mpini kwa kipande cha chupa mpaka ukawa na mikwaruzo ya kushika vidole. Nikanoa kwa jiwe na maji, si mpaka kinyoe nywele. Makali laini sana huteleza juu ya utando. Nilitaka yawe na ukali wa kuuma kidogo, kama ulimi wa paka.

Ijumaa Kalamu alikiona kisu changu mezani. Akauliza kwa sauti ya kusikika na banda zima kama nimekuja kukwangua masufuria. Nikaendelea kufunga aproni. Alichofanya baadaye ndicho kilichonionyesha kwamba alikuwa ananitakia mabaya kwa makusudi. Kwa siku tatu za kazi zilizobakia aliwapa wenzangu nyumbu, pofu na ngiri, akanipa mimi swala kumi na wanane. Swala wote. Hakuna mtu mwingine aliyegusa hata mmoja. Bi Chumvi akaniuliza kwa pembeni, "Dada, huyu mtu ulimlisha nini zamani kikamkaa hivi?"

Nikachuna. Mkato wa kwanza nilifungua tumboni, makali yakitazama juu, vidole viwili vikitangulia chini ya ngozi kuilinda nyama. Kwenye mapaja, pale ambapo kile cha boksi kilikuwa kinachoma, ncha butu ilipita kama kidole cha mtu mpole. Sehemu kubwa ya kazi sikuifanya kwa kisu hata kidogo. Mnyama akiwa bado na joto unaweka kisu kando na kusukuma kwa ngumi kati ya ngozi na nyama, na ngozi inaachia yenyewe kwa sauti ya kitambaa kinachochanika mbali. Kile kirefu cha boksi hukuweza kukiweka kando. Ulihangaika nacho mpaka mwisho kwa sababu hakikufungua vizuri mwanzo.

Kila nikimaliza nafunga mafundo mawili na kumpelekea Bi Chumvi. Kabla ya kuimwagia chumvi aliinua kila ngozi kuelekea mlangoni kwenye mwanga. Hakusema kitu siku ya kwanza. Siku ya pili akasema hajaona nyota hata moja ikipenya kwenye ngozi. Siku ya tatu hakuangalia tena, na nikamgombeza aangalie.

Jumanne mnunuzi akaja. Ni mwanamume mkavu asiyesalimia zaidi ya mara moja, chaki iko mfukoni mwa shati. Alizitundika ngozi kwenye waya uani, jua likizimulika kwa nyuma, akaanza kupita. Alipita kwenye za mafundo mawili taratibu, anavuta, ananusa, anapitisha kiganja ndani ya mapaja. Kwenye ngozi ya kumi na moja alisimama, akasugua alama moja kwa kidole gumba. Ilikuwa kovu la zamani la mwiba. Akaenda mbele. Alipomaliza kumi na nane chaki ilikuwa bado mfukoni.

Kisha akaingia kwenye za wenzangu, za nyumbu na ngiri, ngozi nene zinazosamehe. Akatoa chaki. Akachora maduara kumi na manne.

Aliuliza mafundo mawili ni nani. Kabla sijafungua mdomo, Kalamu akajibu. Akasema alikuwa ameniruhusu nijaribu kisu tofauti ili yeye, kama msimamizi, alinganishe matokeo, na sasa ameridhika. Aliongea vizuri, kwa maneno ya fomu. Nilitazama ule mdomo. Nimewahi kuupikia.

Tajiri akafurahi. Akasema basi Kalamu aende mjini akalete visu vingine vya namna hiyo, vya banda zima, na akamuuliza kwa wema kabisa atavichaguaje.

Kalamu akasema ataangalia ubora. Tajiri akauliza ubora upi. Akasema chuma imara, cha kisasa. Mnunuzi, ambaye sikujua kama ana hamu ya kitu chochote duniani zaidi ya ngozi, akamuuliza ncha je. Kalamu akasema ncha lazima iwe kali sana, ili iingie.

Bi Chumvi akakohoa kohozi lisilokuwepo. Kalamu akageuza macho akanitafuta, na niliyajua yale macho. Ndiyo aliyokuwa akinitazamia asubuhi akikosa soksi. Miaka yote ile nilikuwa nikimwonyesha soksi. Safari hii niliangalia ngozi zangu.

Tajiri akaniita. Akasema, "Mama, hebu eleza wewe."

Nikamwambia sielezi. Kila mkono una kisu chake, na kisu hakichaguliwi kwenye picha. Nikamwambia nitakwenda dukani na wenzangu watano, mmoja mmoja ashike, atikise, apinde, na nitasimama mimi kwa fundi. Vile vya maboksi vitoke bandani leo, wapewe wawindaji kama kweli ni vyao. Na kama atakayechagua ni Kalamu, basi mimi nafungasha leo, na kisu changu naondoka nacho.

Tajiri hakupenda kupewa masharti uani kwake. Sauti yake ikashuka mpaka nikasogea. Aliuliza kama ninamtishia. Nikasema hapana, ninamjibu. Wiki iliyopita yeye ndiye aliyetaja kufungasha. Mnunuzi akawa anajifuta chaki vidoleni, akasema kwa kupita tu kwamba yeye zile kumi na nane anazichukua, na mzigo ujao angependa zote ziwe hivyo, au asisumbuliwe kuja. Tajiri akaangalia waya, akaangalia maduara mekundu, akasema haya, mama, nenda na wenzako.

Ndiyo yote aliyosema. Habari za mkono uliochoka hakuzigusa. Kalamu hakuulizwa kwa nini alitupa visu vizima, wala kwa nini swala wote walikuja kwangu. Ni msimamizi mpaka leo, kalamu ipo sikioni, na jioni anarudi kwa yule wa kucha. Sijui nilitegemea nini.

Lakini siku hiyo hiyo, kabla mnunuzi hajamaliza kupakia, gari likaleta pofu dume, mkubwa kuliko mlango. Wenzangu wawili walikuwa kwenye lori wanapanga ngozi. Tajiri akamwambia Kalamu avue saa asaidie. Akaja akikunja mikono ya shati, akasimama upande wa pili wa mnyama, akanyoosha kiganja.

"Mama watoto, niazime hicho kisu nianze upande huu."

Kazi ya kushika mguu bandani kwetu ni ya mgeni, ya mtu ambaye bado hajapewa kisu. Kila mtu pale alijua hivyo, na Kalamu alijua kuliko wote.

"Shika mguu," nikamwambia.

Akauliza, "Mguu upi?"

"Wa juu. Uinue, uuvute kwako. Usiniachie."

Alitazama nyuma kuona kama tajiri anasikia. Tajiri alikuwa anasikia, na aliendelea kuhesabu ngozi. Kalamu akainama, akashika mguu kwa mikono miwili, akauvuta. Nikaweka vidole viwili chini ya ngozi ya tumbo, nikafungua makali yakitazama juu, na sikuharakisha.